Namba za Chasisi na Injini: Namna ya Kuitambua Land Rover ya Zamani Kabla ya Kulipa Fedha

Katika Nyanda za Juu Kusini, Land Rover ya zamani haijawa kitu cha kutazamwa kwenye makumbusho. Katika wilaya za Rungwe, Chunya, Kilolo na Mufindi, magari yaliyotoka kiwandani miaka ya 1960 na 1970 yangali yanabeba viazi, mbao, mbolea na abiria katika njia ambazo gari dogo hukwama mara tu mvua za masika zinapoanza. Mengi kati ya magari hayo yamepita katika mikono mingi: mashamba ya chai, misheni, idara za Serikali, mashirika ya umma, kisha mtu binafsi, kisha mtoto wake. Katika safari hiyo ndefu gari hubadilishwa injini, gia boksi, milango, na wakati mwingine hata fremu yenyewe. Kinachobaki bila kubadilika, au kinachopaswa kubaki hivyo, ni namba.

Hadi miaka ya karibuni suala hilo halikuwashughulisha watu wengi, kwa kuwa gari la aina hiyo liliuzwa kwa bei ya kazi linayoweza kufanya. Hali imebadilika. Wapo wanunuzi kutoka Dar es Salaam, Arusha na nje ya nchi wanaotafuta Land Rover kongwe kwa ajili ya kumbukumbu, utalii na maonesho, na Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024 lilidhihirisha kwamba magari hayo yana wapenzi wengi nchini. Mnunuzi wa namna hii haulizi tu kama gari linawaka. Huuliza kama lina injini yake ya asili, na yuko tayari kulipa zaidi akiambiwa ndiyo. Hapo ndipo mwananchi asiyejua kusoma namba anapoweza kulipia kitu ambacho hakipo, au kununua gari ambalo kadi yake ni ya gari jingine. Hasara ya kwanza ni ya fedha. Ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa gari ambalo namba zake hazilingani na kadi linaweza kuzuiwa na Polisi, na uhamisho wa umiliki ukakwama kwa muda mrefu huku fedha za muuzaji zikiwa zimekwisha kutumika.

Wingi wa magari haya katika mikoa ya Mbeya na Iringa una historia yake. Dhahabu ya Lupa, Chunya, ilivuta watu na magari tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe yalihitaji gari linaloweza kupanda vilima vya udongo wenye utelezi. Kisha ukaja mwezi Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na Zambia ikalazimika kupitisha mafuta yake katika bandari ya Dar es Salaam. Malori yalipita Iringa, Mbeya na Tunduma katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliiita njia ya jehanamu, hadi bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, na baadaye barabara ya lami na reli ya TAZARA vikafuata. Barabara hiyo ilihitaji magari, na magari yalihitaji mafundi. Ustadi wa kuchanganya vipuri vya magari matatu ili moja litembee, ambao karakana za Mwanjelwa jijini Mbeya na Ipogolo mjini Iringa zinasifika nao, una mizizi katika miaka ya uhaba wa vipuri. Ustadi huo ndio umeyaweka magari haya barabarani, na ndio pia unaofanya namba zake ziwe ngumu kusomeka.

Namba mbili, kazi mbili

Kadi ya usajili wa gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina maelezo kadhaa: namba ya usajili, aina ya gari, rangi, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, namba ya chasisi na namba ya injini. Wananchi wengi huangalia namba ya usajili pekee, ile iliyo kwenye kibati cha mbele na nyuma. Kibati hicho ndicho sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha, kwani hufungwa kwa skrubu mbili.

Namba ya chasisi ndiyo utambulisho wa gari. Hugongwa kwenye chuma cha fremu kiwandani na haipaswi kubadilika maisha yote ya gari. Namba ya injini ni utambulisho wa kipuri kimoja, kikubwa na cha thamani, lakini kipuri. Injini inaweza kufa na kuwekwa nyingine kihalali, na gari likaendelea kuwa lile lile mbele ya sheria, ilimradi mabadiliko yameandikishwa. Mkanganyiko mwingi unaotokea wakati wa mauziano hutokana na kuzichukulia namba hizi mbili kana kwamba zina uzito sawa. Gari lenye namba ya injini tofauti na kadi lina kasoro ya kumbukumbu inayoweza kurekebishwa. Gari lenye namba ya chasisi tofauti na kadi ni gari jingine.

Ni vyema pia kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba katika Land Rover namba ya injini ya asili lazima ifanane na namba ya chasisi. Kuanzia Series II ya mwaka 1958, kiwanda kilikuwa na mfululizo wa namba za injini uliojitegemea. Kwa hiyo namba mbili zisizofanana si dalili ya ubadilishaji, na muuzaji anayeonesha namba mbili zinazofanana kabisa kwenye gari la miaka ya 1960 anapaswa kuulizwa maswali zaidi badala ya kuaminiwa zaidi.

Namba inasema nini

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam, Uholanzi, mwezi Aprili 1948, na magari yaliundwa Solihull, Uingereza. Series I ilitengenezwa hadi 1958, ikafuatiwa na Series II hadi 1961, Series IIA hadi 1971, na Series III hadi 1985. Kila kipindi kilikuwa na utaratibu wake wa namba, na magari mengi yanayouzwa leo Mbeya na Iringa kwa jina la jumla la «mia na tisa», yaani yenye inchi 109 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, ni ya vipindi viwili vya mwisho.

Katika Series II, namba ya chasisi ina tarakimu tisa. Tatu za kwanza hutaja aina ya gari, na ya nne hutaja mwaka: 8 ni 1958, 9 ni 1959, 0 ni 1960 na 1 ni 1961. Series IIA na Series III ziliacha tarakimu ya mwaka. Namba zao zina tarakimu nane zinazofuatwa na herufi moja, kuanzia A. Herufi hiyo huwapotosha wengi. Haitaji mwaka bali hatua ya mabadiliko ya kiufundi, ili fundi anapoagiza kipuri ajue kama anahitaji cha muundo wa zamani au mpya. Mtu anayesema gari ni la mwaka fulani kwa sababu tu namba inaishia na C au D anakisia.

Tarakimu tatu za mwanzo ndizo zenye habari nyingi. Katika Series IIA ya inchi 109 yenye injini ya petroli ya silinda nne, 251 ni gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Uingereza, 252 ni la kuuzwa nje likiwa na usukani wa kulia, 253 ni lililosafirishwa vipande vipande ili liunganishwe nchi nyingine likiwa na usukani wa kulia, na 254 ni la nje lenye usukani wa kushoto. Ikiwa injini ilikuwa ya dizeli, gari la nje lenye usukani wa kulia lilianza na 277. Katika Series III ya inchi 109, gari la petroli la nje lenye usukani wa kulia huanza na 912, na la dizeli huanza na 917.

Faida ya kujua tarakimu hizi chache ni kubwa. Gari lililopelekwa moja kwa moja Tanganyika au Tanzania, ambako magari hutembea kushoto, linatarajiwa kuwa na 252, 277, 912, 917 au namba za jamaa zake. Likikutwa na 254, gari hilo lilizaliwa na usukani wa kushoto, na yawezekana liliingia kutoka nchi kama Kongo au Burundi kisha likageuzwa. Hilo si kosa kwa lenyewe, lakini mnunuzi ana haki ya kuuliza liliingia lini na kwa nyaraka zipi. Vivyo hivyo, gari ambalo chasisi yake inaanza na 912 huku chini ya boneti kuna injini ya dizeli, haliwezi kuwa na injini yake ya asili. Muuzaji anaweza kuapa kwamba baba yake alilinunua likiwa hivyo, na huenda anasema kweli kwa kadiri anavyojua. Namba ya chasisi inaonesha kwamba lilitoka kiwandani na injini ya petroli.

Hapa pana mtego ambao kadi peke yake haiwezi kuufichua. Injini ya petroli ya Land Rover iliyoanza mwaka 1958 ina ujazo wa sentimita 2,286. Injini ya dizeli iliyofuata mwaka 1961 nayo ina ujazo wa sentimita 2,286. Kadi inaweza kusomeka 2286 na isionekane kasoro yoyote, ilhali injini imebadilishwa kutoka petroli kwenda dizeli. Hali hiyo ilijirudia baadaye kwa namna ya ajabu kidogo. Injini ya dizeli ya mwaka 1984, ya petroli iliyofuata mwaka 1985, ya dizeli yenye turbo ya mwaka 1986, na zile mbili mashuhuri zinazoitwa 200Tdi na 300Tdi, zote zina ujazo wa sentimita 2,495. Kwa maneno mengine, mtu anayelinganisha ukubwa wa injini pekee kati ya kadi na gari hajalinganisha lolote la maana. Ni lazima asome namba.

Namba ya herufi na tarakimu 17

Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya magari duniani vilianza kukubaliana juu ya utaratibu mmoja wa namba yenye herufi na tarakimu 17. Katika utaratibu huo herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, ili zisichanganywe na 1 na 0. Kanuni hii ndogo ni kipimo cha kwanza cha kugundua ughushi: namba ya aina hiyo iliyo na O ndani yake imeandikwa vibaya kwenye kadi, au imegongwa na mtu asiyeijua kanuni.

Herufi za mwanzo hutaja nchi na kiwanda. SAL ni Land Rover ya Uingereza. JT ni Toyota iliyotengenezwa Japani, na JN ni Nissan. Kwa Land Rover aina ya 110, iliyoanza mwaka 1983 na ambayo tangu 1990 huitwa Defender, namba hufunguka kwa mpangilio unaoeleweka. Mfano mzuri ni gari ambalo namba yake inaanza na SALLDHMF7KA. SAL ni kiwanda. LD ni familia ya Defender. H ni urefu wa inchi 110, wakati V ingekuwa gari fupi la 90. M ni bodi ya abiria yenye madirisha. F ni injini ya Tdi. 7 ni usukani wa kulia na gia tano, ambapo 8 ingekuwa usukani wa kushoto. K ni mwaka wa modeli. Na A ni kiwanda cha Solihull. Tarakimu sita zinazobaki ni zamu ya gari hilo katika mstari wa uzalishaji.

Kuhusu herufi ya mwaka, tahadhari inahitajika. Jedwali la kimataifa ambalo hutumiwa na tovuti nyingi za kusoma namba husema K ni 1989 na M ni 1991. Land Rover ilikuwa na mpangilio wake katika miaka hiyo, ambapo K ni 1993, L ni 1994 na M ni 1995. Mwananchi anayeingiza namba ya Defender katika programu ya jumla anaweza kupewa umri usio sahihi kwa miaka minne. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa umri wa gari huathiri thamani yake na, kwa gari linaloingizwa nchini, huathiri pia kodi.

Magari ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba ya tarakimu 17, na wala hilo si dosari. Hutumia namba ya fremu yenye kundi la herufi za modeli, kistari, na namba ya mfululizo. Kwa Toyota Land Cruiser kongwe, herufi za modeli zinataja injini waziwazi. FJ40 ilitoka na injini ya F ya petroli. BJ40 na injini ya B ya dizeli yenye silinda nne. HJ45 na injini ya H ya dizeli yenye silinda sita. HZJ75 na injini ya 1HZ. Mtu akiona FJ iliyogongwa kwenye fremu na anasikia muungurumo wa dizeli, hahitaji fundi kumwambia kwamba injini imebadilishwa. Volkswagen Kobe, ambazo baadhi zingali kwenye nyua za nyumba za Iringa, nazo hujieleza: kuanzia modeli ya 1965 namba ya chasisi, inayopatikana chini ya kiti cha nyuma, huanza na 11 ikifuatwa na tarakimu ya mwaka, hivyo 115 ni modeli ya 1965 na 118 ni ya 1968.

Mahali pa kutazama

Kwenye Series II, IIA na III, kibati cha maelezo kimefungwa ndani ya kabini. Kibati hicho hakitoshi kuwa ushahidi. Vibati vipya vya kuigiza huuzwa hadharani katika nchi nyingi kwa ajili ya watu wanaokarabati magari, na yeyote anaweza kugonga juu yake namba aitakayo. Namba inayohesabika imegongwa kwenye fremu yenyewe, upande wa kulia mbele, kwenye kishikizo ambacho springi ya mbele imeninginizwa. Kwenye 90, 110 na Defender iko upande huo huo wa kulia wa fremu, mbele kidogo ya gurudumu. Kwa kawaida mahali hapo pamefunikwa na tope, grisi na matabaka ya rangi ya miaka 50. Pasafishwe kwa kitambaa, mafuta ya taa na brashi laini. Grenda, tupa au msasa mkali visitumike kabisa, kwa kuwa mwenye gari halali anaweza kujiharibia ushahidi wake kwa bidii ya dakika mbili, kisha akatakiwa kueleza kwa nini namba yake ina alama za kusuguliwa.

Namba ya injini za silinda nne za Series imegongwa kwenye bloki, upande wa kushoto mbele, karibu na ekzosi. Bloki, si silinda hedi. Hedi hubadilishwa mara nyingi na haina uzito katika utambulisho.

Kinachotafutwa katika kuangalia si tarakimu pekee. Tarakimu za kiwandani zina kina kinachokaribiana na maumbo yaliyo sawa, hata kama mstari wenyewe umepinda kidogo kwa kuwa wafanyakazi waligonga kwa mkono. Chuma kinachozizunguka kina mikwaruzo na kutu ya umri mmoja na sehemu nyingine ya fremu. Dalili za kutilia shaka ni eneo linalong'aa au lililo laini kuliko jirani zake, alama ya kuchomelea inayozunguka kipande chenye namba, tarakimu moja iliyozama kuliko nyingine, au rangi nene na mpya mahali hapo tu. Kukuta fremu iliyochomelewa sehemu nyingine si ajabu kwa gari lililotembea Kitonga na Chunya maisha yake yote. Kukuta kipande chenye namba kimekatwa na kupachikwa ni jambo jingine kabisa.

Wapo wanaodhani kwamba namba ikisuguliwa imepotea milele. Chuma hakisahau kirahisi. Nyundo inapogonga namba, hubana chembe za chuma kwa kina kinachozidi ule mfereji unaoonekana. Mtu akisugua hadi uso uwe laini, sehemu iliyobanwa bado ipo chini yake, na kemikali za tindikali zikipakwa hula sehemu hiyo kwa kasi tofauti na chuma kinachoizunguka, namba ikajitokeza tena kwa muda wa kutosha kupigwa picha. Wataalamu wa uchunguzi wa kisayansi wa Jeshi la Polisi hutumia njia za namna hiyo. Kufuta, kubadili au kughushi namba ya utambulisho wa gari ni kosa la jinai, na aliyenunua bila kuchunguza hujikuta akitoa maelezo kituoni pamoja na aliyefanya.

Injini ya asili ni ipi?

Neno «injini ya asili» hutumiwa kwa maana tatu tofauti sokoni, na bei hubadilika kulingana na maana. Wapo wanaomaanisha injini ile ile iliyotoka na gari kiwandani. Wengine humaanisha injini ya aina ile ile na kipindi kile kile, ingawa imetoka kwenye gari jingine. Wengine humaanisha tu kwamba ni injini ya Land Rover na si ya Toyota au Nissan. Muuzaji na mnunuzi wanaweza kukubaliana kwa moyo mweupe huku kila mmoja akiwa na maana yake, na ugomvi ukaja baadaye. Ni busara maana iandikwe kwenye mkataba.

Maana ya kwanza ndiyo pekee inayohitaji ushahidi wa maandishi kutoka chanzo cha uzalishaji. Kumbukumbu za Land Rover za miongo ya mwanzo zimehifadhiwa Uingereza na taasisi ya urithi wa magari iliyopo Gaydon, inayoendesha Makumbusho ya Magari ya Uingereza. Kwa malipo, taasisi hiyo hutoa cheti kinachoonesha namba ya chasisi, namba ya injini iliyowekwa kiwandani, tarehe gari lilipotengenezwa na kusafirishwa, rangi yake ya kwanza na mahali lilikopelekwa. Mwenye gari anaweza hivyo kulinganisha namba ya injini iliyo kwenye bloki na ile ya kumbukumbu, na suala likaisha. Cheti hicho hakichukui nafasi ya kadi ya TRA na hakithibitishi umiliki. Ni ushahidi wa historia ya gari tu. Kwa mtu anayetaka kuuza gari kwa bei ya kumbukumbu, ni gharama inayostahili. Kwa mkulima anayehitaji gari la kuteremsha viazi kutoka shambani, haina maana yoyote.

Yafaa kusemwa wazi kwamba kubadilisha injini si uharibifu. Injini ya petroli ya Series hunywa mafuta kwa kiasi kisicholingana na kipato cha wengi, na ndiyo maana magari mengi ya petroli ya Nyanda za Juu Kusini yamewekewa dizeli. Gari lililobadilishwa na kuandikishwa lina hadhi kamili barabarani. Linachopoteza ni ile nyongeza ya bei anayolipa mkusanyaji, na mwenye injini kuukuu ya asili iliyokufa angefanya vyema kuihifadhi pembeni ya karakana badala ya kuiuza kwa kilo, kwani siku moja inaweza kurudishwa mahali pake.

Kumbukumbu zifuate chuma

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka mwenye gari kutoa taarifa pale maelezo yaliyosajiliwa yanapobadilika. Kwa ubadilishaji wa injini, utaratibu wa kawaida ni gari kukaguliwa na mkaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi, kisha mmiliki kuwasilisha ofisi ya TRA taarifa ya ukaguzi, kadi halisi na ushahidi wa mahali injini ilipopatikana, ili kadi irekebishwe. Risiti ya injini ndiyo karatasi inayosahaulika kuliko zote. Injini iliyonunuliwa sokoni bila risiti wala jina la muuzaji inaweza kuwa imetoka kwenye gari lililoibwa, na mipaka ya Tunduma na Kasumulu haiko mbali. Ikiwa mabadiliko yamegusa aina ya mafuta, hilo nalo litajwe, kwa sababu zilizokwisha elezwa kuhusu 2286 na 2495.

Suala la fremu ni gumu zaidi. Fremu mpya ya kubadilishia haina namba ya gari ilipotoka kiwandani, na mwenye gari hana mamlaka ya kuigongea namba ya zamani kwa hiari yake. Anapaswa kuomba kibali kabla ya kazi kuanza, fremu ya zamani ikiwa ingalipo ili mkaguzi aione. Anayekwenda kuomba baada ya fremu ya zamani kuuzwa kama chuma chakavu hana cha kumwonesha mkaguzi.

Magari yaliyowahi kuwa ya Serikali au mashirika ya umma yanahitaji uangalifu wake. Gari lililokuwa na namba za STK au SU na kuuzwa kwa mnada au zabuni linapaswa kuwa na nyaraka za mauzo zinazotaja namba ya chasisi, na kusajiliwa upya kwa namba za kiraia. Mara nyingi nyaraka hizo zilibaki kwa mnunuzi wa kwanza miaka 20 au 30 iliyopita, huku gari likiuzwa tena na tena kwa kadi pekee au kwa karatasi ya mkono. Mnunuzi wa leo aangalie kama mnyororo huo unafika mwanzo. Kuangalia madeni ya faini katika mfumo wa Polisi kwa kutumia namba ya usajili ni jambo jema, lakini mfumo huo hueleza faini tu, hauelezi kama chasisi iliyo mbele ya mnunuzi ndiyo iliyosajiliwa.

Na yapo yale magari ambayo kadi yake ina jina la marehemu. Katika vijiji vya Mbeya na Iringa hili ni la kawaida mno: mzee amefariki, gari limebaki uani, na mtoto mmojawapo analiuza kwa mtu aliyekuja kulitafuta. Mtoto huyo, hata akiwa na kadi na ufunguo mkononi, hana uwezo wa kisheria wa kuhamisha umiliki. Mwenye uwezo huo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa mirathi nyingi za vijijini Mahakama ya Mwanzo ndiyo pa kuanzia. Msimamizi akishateuliwa, gari hukaguliwa, namba ya chasisi na ya injini huandikwa kwenye mkataba kama zinavyosomeka kwenye chuma na si kama zilivyonakiliwa kutoka kwenye kadi, na pande zote mbili hufika TRA pamoja na nyaraka hizo kabla ya malipo ya mwisho kufanyika.